Sahani ya Nne

Bujumbura, 7 Machi 1966

Mwanne,

Kabla hujasoma mstari wa pili, funga mlango. Nakuomba neno lolote lililo humu lisitoke. Usimsomee bibi yako Asiya unayemuuguza hata akikusihi, usimwonyeshe mjomba yeyote wa huko Kigoma, na ukimaliza barua hii uitie jikoni iungue yote. Usiichane tu, karatasi iliyochanwa mtu mwenye subira huiunga.

Unajua kwa nini naogopa. Mimi mtu wa Bukavu, mapadri walinisomesha, vita vikanileta hapa, nikawa karani, kalani kama mnavyosema. Kibali changu cha kukaa kinafanywa upya kila miezi mitatu kwa barua ya kazini, na barua hiyo huitia sahihi Bwana Térence, mkuu wa ofisi yetu pale Rohero. Bwana Térence hajui kwamba sanduku la posta la kampuni linapokea barua za nusu ya avenyu yenu ya Buyenzi. Wewe ndiwe uliyeniingiza katika jambo hilo. Kwanza ilikuwa barua ya mama yako, halafu ya Seifu fundi cherehani, halafu ya Sulemani wa baiskeli. Leo nina ufunguo mmoja na watu kumi na wanne. Kila asubuhi natenga za kampuni mkono wa kulia, zenu nazitia ndani ya koti, na hadi saa sita natembea kama mtu mwenye maumivu ya mbavu.

Sasa nije kwenye kasha. Mama yako Adija alinikabidhi jana kasha la sahani za muziki za marehemu baba yako. Ziko saba, nimezihesabu bila kuzitoa. Aliniambia, "Mwanne amesema uzipeleke kwa Sulemani, mkazisikilize Jumapili." Nikamwuliza kwa nini kwa Sulemani. Akanitazama kama niliyeuliza kwa nini maji yako ziwani.

Mwanne, mimi sina santuri, najua. Lakini wako watu wengine wenye santuri. Kwa nini iwe ya Sulemani? Siku ile bandarini ulipokuwa unapanda meli, yeye ndiye aliyebeba mfuko wako. Kola ya shati lake ilikuwa imekunjika, ukainyoosha kwa vidole viwili bila hata kuangalia, huku unazungumza na mtu mwingine. Mimi ulinipa mkono, kama mtu anayeaga padri. Tangu siku hiyo nimeiona kola ile kila nikifunga macho.

Nimeuliza habari za muziki huo. Seifu alicheka mpaka akaacha cherehani. Anauita jazi ya wagonjwa. Anasema hauna ngoma, hauna mwimbaji, na ukipigwa arusini bibi arusi atasinzia. Sijui niamini nini. Kasha liko chini ya kitanda changu.

Swali nililokuuliza bandarini bado nasubiri jibu lake.

Wako,
Sébastien

*

Kigoma, 19 Machi 1966

Kalani wangu mwoga,

Barua yako nimeichoma kama ulivyotaka, na bibi Asiya akauliza kwa nini chai inanuka wino. Anaendelea vizuri. Mguu umeanza kukanyaga, na ulimi haukuugua hata siku moja.

Sikiliza sasa habari ya kasha, maana naona hukuelezwa. Baba yangu, Mzee Mohamadi, alikuwa anahudumia meza katika klabu moja ya Wazungu pale mjini. Usiku wa dansi hakuupenda, kelele nyingi na glasi nyingi. Alipenda saa tisa alasiri, klabu ikiwa tupu, mzee mmoja Mbelgiji akikaa peke yake na sahani zake. Ilikuwa jazi, lakini siyo ile ya kuruka. Watu watatu tu: filimbi nyeusi iitwayo klarineti, gitaa, na ile besi kubwa inayosimamishwa kama mtu. Hakuna ngoma. Baba alisema wanapiga kama watu wanaozungumza chumba cha pili kusudi wasimwamshe mgonjwa. Mwaka wa uhuru mzee yule aliondoka akamwachia saba.

Baba akaichukua sahani ya nne, aliyoipenda kuliko zote, akaipeleka kwa wale wasikivu wa Jumapili katika karakana ya Sulemani. Unaijua sheria yao: hakuna kusema mpaka pande zote mbili ziishe, kisha kila mtu anatia kizibo cha soda ndani ya kopo la maziwa, mdomo juu kama ameipenda, mdomo chini kama hakuipenda. Kopo likifunuliwa, wengi ndio wenye neno, na hakuna anayeulizwa kizibo chake kilikuwaje. Sheria nzuri. Kwa baba yangu tu waliivunja. Sindano haijafika katikati ya upande wa kwanza, Seifu akauliza, "Mzee, huyu mgonjwa wako atapona lini?" Wakacheka wote. Sulemani naye alicheka. Baba akacheka pamoja nao, akaitoa sahani yake mwenyewe, akarudi nyumbani. Hakupeleka nyingine mpaka anakufa.

Sitaki waipende. Nataka waisikilize mpaka mwisho. Na nataka wewe uwe umekaa pale. Sahani ya nne, pande zote mbili, kisha uniandikie ulichokisikia. Ukishafanya hivyo nitakujibu swali lako la bandarini. Usidhani nakuchezea. Wajomba zangu watakuwa na mengi ya kukwambia usiyoyapenda, juu ya dini, juu ya kwenu, juu ya mimi mwenyewe. Mtu anayeweza kukaa kimya mpaka mwisho mbele ya kitu ambacho bado hajakipenda, huyo naweza kumpeleka mbele yao kuniposa.

Kuhusu Sulemani: niamini. Zaidi ya hapo sitaki kueleza.

Ndani ya bahasha hii kuna nyingine, nimeibandika, ni ya kwake. Mpe mkononi.

Mwanne

*

Bujumbura, 29 Machi 1966

Mwanne mpenzi,

Nimetimiza. Jumapili iliyopita nilipeleka kasha kwenye karakana, na barua yako nilimpa Sulemani mkononi. Aliitia mfukoni.

Sahani ya nne tuliisikiliza yote. Sijui nianzie wapi. Tarumbeta inaanza juu, kali, kama jogoo aliyechelewa kuamka anayetaka kulipa. Ngoma zinaingia kwa furaha, na baada ya hapo yule mwimbaji wa kike ana sauti ya asali iliyochanganywa na moshi. Upande wa pili ni wa polepole zaidi, na nakiri machozi yalinilenga. Nilimwona baba yako amesimama na sinia yake mlangoni mwa klabu. Wenzetu walinyamaza kimya kabisa. Seifu hakucheka. Vizibo vyote vilikuwa mdomo juu.

Nasema haya kwa unyofu wa moyo wangu. Muziki huu umeonewa, na mimi nimekuwa miongoni mwa waliouonea kwa kuwa sikuwa nimeusikia.

Sasa nadhani nimestahili jibu. Nihurumie, usikawie. Hapa kazini Bwana Térence ameanza kuuliza kwa nini nakwenda posta mapema hivi, na barua zinazotoka nje ya nchi watu wanaziangalia mara mbili siku hizi. Nakula kidogo, nalala kidogo. Nikipita karibu na karakana, Sulemani ananisalimu kwa uso mweupe wa mtu asiye na deni, na mimi najiuliza ni kitu gani anachokijua ambacho sikijui.

Wako daima,
Sébastien

*

Buyenzi, 5 Aprili 1966

Dada Mwanne,

Salaam aleikum. Mi niko muzima, mama Adija muzima, Idi tumeila vizuri, tulichinja mbuzi mumoja mukali sana alipiga Seifu pembe kwa matako, sasa anashona akisimama.

Barua hii nampa kijana wa kwenye meli kwa sababu kwa njia ya kalani sielewi tena. Tangu mufungo wa Ramadhani sijaona barua yako hata moja. We umekasirika na mi? Mama aliniambia kasha ya Mzee iko kwa kalani, ataileta. Jumapili nne zimepita. Mi nimenunua sindano mupya, iko inangoja kwa karatasi yake. Kalani apana kukuja. Anapita hapa mbele anaangalia chini kama mutu ameangusha jino. Nikimwita, "Kalani, karibu chai," anasema ana kazi. Jumapili! Kazi gani Jumapili, na yeye ni mukatoliki?

Kama ni mugonjwa niambie nimpelekee uji. Kama ni mambo ingine, niambie pia, mi sitamwuliza.

Ile siku tulimucheka Mzee, inanikata mpaka leo. Nataka niilipe.

Ndugu yako,
Sulemani

*

Kigoma, 14 Aprili 1966

Sébastien,

Sahani ya nne haina tarumbeta. Haina ngoma. Haina mwanamke.

Mwaka ule ziwa lilipopanda likaingia mpaka nyumba za chini, kasha la baba lililowa. Sahani zilipona, maganda yake ya karatasi yakaoza. Baba akaomba maganda matupu kwa jirani, ya bendi za dansi, akazitia humo, akaandika nambari juu kwa kalamu. Ungeitoa tu sahani ndani ya ganda, hata bila kuipiga, ungeona lebo imefutika na maji na baba ameandika nne kwa mkono wake. Hukuitoa. Ulisoma ganda, ukaliamini kuliko mimi niliyekuandikia watu watatu bila ngoma. Ulifanya kazi ya ukarani, tena uliifanya vizuri. Mpaka nikamwona huyo mwanamke wa asali na moshi.

Machozi yalikulenga, unasema. Hapo ndipo nilipoacha kusoma, nikatoka nje kidogo.

Sasa la pili. Sulemani ameniandikia kwa mkono wa mtu wa meli. Sitakuambia ameniandikia nini. Nakuuliza tu: barua niliyokupa umpe iko wapi?

Na la tatu, ambalo sikutaka kukwambia, na sasa nakwambia kwa kuwa halina tena thamani. Mama yake Sulemani, bibi Mwanvua, alifariki siku ya saba baada ya kumzaa. Mama yangu alikuwa na mimi kifuani. Akamchukua, akatunyonyesha wawili miaka miwili. Katika dini yetu huyo ni ndugu yangu mpaka siku ya kiama. Hata dunia ibaki na sisi wawili tu, hawezi kunioa, na wazo lenyewe linatuchefua. Avenyu nzima inajua. Hakuna aliyekuambia kwa sababu hakuna aliyefikiri kuwa kuna mtu asiyejua. Wewe ungeweza kuuliza. Uliona kola.

Sikukuambia mwanzo kwa kuwa nilitaka uniamini mimi, si sheria.

Usiniandikie mpaka uwe na kitu cha kusema.

Mwanne

*

Bujumbura, 25 Aprili 1966

Kwa Bwana Sulemani,
Fundi wa baiskeli, Buyenzi

Ndugu,

Samahani kwa kukuandikia wakati tunaishi umbali wa dakika kumi. Nimefika mpaka kwenye kona yako mara tatu, nikarudi. Nakuomba usisome haya mbele ya watu.

Bahasha iliyomo ni yako. Ilitoka kwa Mwanne tarehe kumi na tisa mwezi wa tatu, nikaambiwa nikupe mkononi. Utaona gundi imelegea. Niliilegeza kwa mvuke wa birika la ofisini, saa sita mchana, wenzangu wakiwa wamekwenda kula. Nilijiunguza kidole gumba, na alama bado ninayo.

Niliisoma yote. Nilidhani nitakuta mapenzi. Nikakuta anakuomba uniwekee kiti karibu na santuri, usiniambie lolote juu ya muziki, na usiwaache wenzako wanitanie kwa kifungo cha shati langu kilichokatika. Anasema, "Akicheka nao, nijulishe. Akinyamaza mpaka mwisho, nijulishe pia."

Mtu mwenye akili angefurahi. Mimi niliwaka zaidi. Niliona mnanizungumzia ninyi wawili, mnanipima kama tairi ndani ya beseni la maji mkitafuta pancha. Nikaapa sitakaa kwenye kiti ulichoniwekea wewe. Ndiyo sababu sikuja, na ndiyo sababu nilimwandikia uongo kutoka kwenye ganda la sahani, nikidhani ya nne si kama zile alizonieleza.

Sikujua kwamba mmenyonya pamoja. Lakini sisemi hivyo ili unisamehe. Hata kama ungekuwa mchumba wake, barua ilikuwa yako.

Ukitaka kumweleza Bwana Térence habari ya sanduku la posta, una haki. Nakuomba tu unitangulizie siku mbili nijue pa kwenda.

Sébastien

*

Buyenzi, 26 Aprili

Kalani,

Barua nimepata. Gundi nimeona.

Huyo Bwana Térence mi simujui, na baiskeli yake hajawahi kuleta kwangu. Nimwambie nini?

Nilitaka kukupiga. Nimefikiri nimeona utaanguka mara moja na mi nitaonekana mubaya. Basi.

Kuja Jumapili. Leta kasha. Usilete maneno, tuko nayo ya kutosha.

Kiti kiko.

Sulemani

*

Bujumbura, 9 Mei 1966

Mwanne,

Uliniambia nisiandike mpaka niwe na kitu cha kusema. Ninacho. Barua hii usiichome. Ukitaka kumsomea bibi Asiya, msomee.

Jumapili ile ya kwanza sikwenda. Nilianza na jambo jingine lililonitisha zaidi. Nilipita nyumba kwa nyumba kwa wote kumi na wanne, nikawaambia kwamba nimefungua barua moja ya mtu na kuisoma. Sikusema ya nani. Wengine walicheka wakidhani ni mzaha. Seifu alisema, "Na mimi niliyekuwa najisifu nina kalani asiye na ulimi! Kumbe ana macho." Kisha nikafika kwa mama yako. Nilikuwa nimemletea barua ya shangazi yako wa Uvira. Alinyoosha mkono, akaipokea, akaigeuza nyuma, akapitisha kucha juu ya gundi taratibu, kutoka kona mpaka kona. Halafu akaniambia, "Kunywa maji, mwanangu, jua kali." Mwanne, angenitukana ningelala usiku ule.

Nikaona basi siwezi tena kuwa sanduku la mtu. Niliwaomba watafute njia nyingine. Ufunguo bado ninao, lakini sasa ni wa kampuni tu, na koti langu limekuwa jepesi, na hakuna anayenisubiri pale barazani saa sita. Bwana Térence hajajua chochote. Ananiona nimekuwa mfanyakazi mwema.

Jana nilikwenda. Nilibeba kasha kichwani mchana kweupe, kila mtu aone.

Kiti kilikuwepo, kile cha kamba, karibu na santuri. Sulemani alikuwa anafunga mnyororo, hakuinuka. Alisema, "Karibu. Kaa hapo, usiguse grisi." Seifu alikuwepo, bado anakaa upande mmoja kwa sababu ya yule mbuzi. Alikuwepo mzee Marcellin, seremala wa kwetu Bukavu, na Amissi anayeuza spea. Seifu akafungua mdomo, "Kalani, umetuletea wagon—" na Sulemani akainua spana juu kama mwalimu anavyoinua chaki. Seifu akamalizia, "—wageni. Nilitaka kusema wageni."

Niliitoa sahani mwenyewe. Niliona ile nne ya baba yako. Ameiandika kwa uangalifu, kama mtoto wa darasa la kwanza, na mkia wake umepita kidogo nje ya lebo. Nilijisikia nimeingia chumbani kwa mtu bila kubisha.

Sasa nakuandikia nilichosikia, si kingine.

Mwanzoni, hakuna kitu. Sindano inakwaruza, nikadhani imeharibika. Kisha besi, nzito, moja moja, kama mtu anayepima sakafu kwa mguu gizani kabla hajaingia. Halafu gitaa, na klarineti mwishowe. Haikuingia kwa nguvu. Ilikuwa chini sana, pumzi yake inasikika kabla ya sauti yenyewe. Niliona mguu wa Seifu unatafuta ngoma. Ukapiga mara moja, ukasubiri, ukapiga tena, ukakosa wa kumjibu, ukatulia.

Kwa muda mrefu sikupenda. Lazima niseme. Nilikuwa nawaza, ni hiki ndicho alichonipimia? Nikamtazama Sulemani nione kama ananitazama. Hakuwa ananitazama. Amefumba macho, ana grisi kwenye kope. Juu ya kichwa chake gurudumu lililoning'inia lilikuwa linazungushwa na upepo, linalia tik, tik, nikaona aibu kwamba ni mimi peke yangu niliyekuwa nawasikiliza watu badala ya muziki.

Ndipo nikakisikia kitu kimoja. Klarineti ilikuwa katikati ya maneno yake, na gitaa likataka kusema. Klarineti ikanyamaza. Haikuwa imemaliza, ilinyamaza ili mwenzake asikike. Gitaa likasema lake, dogo tu, kisha likarudisha nafasi, na klarineti ikaanza pale pale ilipoachia. Baadaye besi ikafanyiwa vivyo hivyo. Watu watatu, na hakuna anayemkata mwenzake, na hakuna anayeogopa kwamba akinyamaza atasahauliwa. Sijawahi kuwa hivyo hata saa moja maishani mwangu. Hapo nilielewa kwa nini baba yako, mtu wa kusimama nyuma ya viti vya watu, alisimama na sinia yake akasikiliza.

Upande wa pili sikuupenda. Klarineti inalalamika mno na inachelewa kuisha. Nimeusikiliza wote.

Sulemani akapitisha kopo. Nilikuwa na kizibo cha Fanta, kimekunjika ukingoni. Sheria inakataza kusema nilikitia vipi. Kopo lilipofunuliwa juu ya benchi tulikuwa watano: vitatu mdomo juu, viwili mdomo chini. Sahani imekaa. Iko juu ya rafu ya Sulemani pamoja na zile nyingine zilizokubaliwa. Nitakwambia hili tu, kwamba bila kizibo cha Fanta ingerudi chini ya kitanda changu.

Kisha Sulemani akacheka peke yake, akasema, "Mi siwezi kumudanganya Mzee mara ya pili. Moja ya chini ni yangu. Mi napenda ngoma. Lakini nimesikia mpaka mwisho, Mungu shahidi." Mzee Marcellin akamwambia amevunja sheria kwa kusema. Sulemani akajibu, "Basi munifunge." Na Seifu, aliyeanzisha kicheko siku ile ya baba yako, aliisogelea santuri. Aliinama akaifuta sahani kwa kitambaa chake cha hariri, kile cha mteja, pande zote mbili, akairudisha ndani ya ganda.

Miezi miwili nilimwonea wivu mtu ambaye hata hiyo sahani haipendi. Anakupenda wewe tu, na kwake inatosha, alinunua sindano. Mimi nilitaka kupenda kila unachokipenda ili asibaki nacho mtu mwingine, na kwa hiyo sikukisikia hata kimoja.

Ningependa kukwambia wivu umeisha. Haujaisha. Umehama. Jana jioni nilimwonea wivu baba yako, kwamba alikaa na wewe miaka yote mkiisikiliza pamoja. Nikaionea wivu klarineti. Usiku nikamwonea wivu Sulemani upya, kwa sababu nyingine: kwamba aliweza kupewa bahasha yenye gundi iliyolegea akaniwekea kiti. Nadhani nitakuwa na ugonjwa huu muda mrefu. Ninachoweza kuahidi ni kwamba wivu ukitokea nitakaa kimya mpaka upande uishe.

Swali la bandarini siliulizi tena. Unalijua lilipo.

Ukitaka kuniandikia, usitumie sanduku la kampuni. Andika kwa Sulemani. Siku hizi barua zake zinapitia sanduku la chuo cha Kurani, Avenyu ya Saba. Yeye anazichukua Ijumaa baada ya swala. Andika jina lake juu kwa herufi kubwa, na langu chini, dogo, kwenye kona. Atanipa Jumapili katika karakana, baada ya alasiri, upande wa pili ukiisha, kabla ya kopo.

Na bahasha usiibandike. Kunja tu ulimi wake ndani. Yeye hatasoma.

Sébastien